Klabu Iliyouzwa kwa Kangomba

Saa kumi kamili alasiri timu zote mbili zilikuwa zimeshapanga mstari. Wageni jezi nyeupe, wenyeji kijani. Refa akatazama upande wa lango la magari, akatazama saa yake, akamwita meneja wa wenyeji.

"Gari la wagonjwa liko wapi?"

Meneja akasema liko njiani. Akasogea pembeni na simu, akarudi, akasema tena liko njiani. Mechi haianzi bila gari hilo, na kulileta ni wajibu wa mwenyeji. Ilipofika saa kumi na robo wachezaji walianza kukaa chini kwenye majani, mmoja mmoja, soksi bado zimepandishwa mpaka magotini. Saa kumi na nusu refa na kamishna wa mchezo wakasogeleana, wakaongea kidogo, kisha filimbi ikalia. Ushindi wa mezani kwa wageni: pointi 3, mabao 3.

Dereva hakuwa njiani. Alikuwa anadai mafuta ya mechi 3 zilizopita, shilingi 35,000 kila mechi, na safari hii aliapa hawashi gari mpaka aione hela mkononi.

Ni wiki ya sita sasa, na picha ya wale vijana waliokaa kwenye majani inagoma kutoka kichwani. Klabu yao, moja ya zile za madaraja ya chini huku Kusini mwa Tanzania, haikumaliza msimu. Mjini hukumu ilishatoka mapema: viongozi wamekula. Inawezekana. Lakini ukikaa na kalamu ukaziandika hesabu za timu kama ile, unakuta kwamba hata kamati ya utendaji ikijaa wacha Mungu watupu, hesabu hazifungi. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko ule wizi unaosemwa.

## Mstari wa wadau

Chukua timu ya Mtwara mjini iliyoko Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu. Timu 16, mechi 30, nusu yake ugenini. Tupige hesabu za klabu isiyojikweza.

Wachezaji 25 kwa wastani wa 300,000 kwa mwezi ni milioni 7.5. Benchi la ufundi na watumishi, watu 6 kwa wastani wa 400,000, ni milioni 2.4. Kwa miezi 10 ni milioni 99. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, upande wa mwajiri, asilimia 10, inaongeza milioni 9.9. Kambi yenye watu 30, kila mmoja akila kwa 6,000 kwa siku, inameza milioni 5.4 kwa mwezi, yaani milioni 54 kwa msimu, na hapo bado hujalipa nyumba, maji na umeme, tuseme milioni 8.

Halafu safari. Hapa ndipo timu ya Kusini inapotofautiana na wenzake. Mtwara mpaka Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi, na kwa timu nyingine hiyo ingekuwa ndiyo safari ndefu ya msimu. Kwetu ni mlango tu wa kutokea. Ukienda Mwanza, Shinyanga au Mara, unafika Dar kwanza, kisha safari yenyewe inaanza. Weka wastani wa kilomita 2,200 kwenda na kurudi. Kosta iliyojaa watu na mabegi inakula lita moja kwa kilomita 6, kwa hiyo lita 367. Dizeli ukiihesabu kwa 3,000 ni milioni 1.1. Vyumba 14 vya gesti kwa 20,000, usiku 3, ni 840,000. Chakula cha watu 28 kwa siku 5, shilingi 10,000 kila mtu kwa siku, milioni 1.4. Ongeza 200,000 za dereva, dawa na pancha. Safari moja milioni 3.54. Safari 15, milioni 53.1.

Mechi za nyumbani nazo zina gharama zake: uwanja, chokaa, walinzi, gari la wagonjwa. Milioni 6. Usajili wa mwanzo wa msimu na wa dirisha dogo, yaani wa katikati ya msimu, milioni 18. Vifaa, milioni 10.

Jumla milioni 258.

Sasa geuza ukurasa. Mashabiki 500 kila mechi kwa tiketi ya 2,000, mechi 15, ni milioni 15. VAT ya asilimia 18 imo humo humo, mwenye uwanja ana chake, chama cha mkoa kina chake. Ikibaki milioni 10 ushukuru. Wanachama 300 wakilipa 1,000 kila mwezi bila kukosa hata mmoja, milioni 3.6. Jezi 500 kwa faida ya 8,000, milioni 4. Mgawo wa ligi na mdhamini wa kifuani kwa pamoja tuwape milioni 80, na hapo tumekuwa wakarimu. Umefika milioni 97.6.

Pengo ni milioni 160.

Kwenye bajeti inayopelekwa mkutano mkuu, pengo halina jina hilo. Linaandikwa "Michango ya wadau". Ndilo fungu kubwa kuliko yote ya mapato, na ndilo pekee ambalo hakuna mtu aliyelitia saini.

Ukiifungua orodha ya michango kwenye kundi la WhatsApp unaona jinsi fungu hilo linavyojazwa. Namba 1 mpaka 9 ni majina makubwa, mbele yake mamilioni, na neno "ahadi". Kuanzia namba 10 kushuka chini kuna mwenye duka aliyetoa 20,000, mvuvi wa Mikindani aliyeleta samaki wa kambi siku 2, mama mmoja mwenye mgahawa na mchele kilo 50. Hao wote wana alama ya tiki. Timu inaishi kwa namba 10 kushuka chini huku bajeti ikiwa imejengwa juu ya namba 1 mpaka 9.

## Anayelipwa ni yule anayeweza kuzuia mechi ya kesho

Klabu haifi siku moja. Ina mpangilio wake wa kuacha kulipa, na ukiujua unaweza kujua timu iko hatua gani bila kuona daftari lolote.

NSSF ndiyo inaachwa kwanza, kwa kuwa haipigi kelele. Mchezaji wa 300,000 anakatwa 30,000, inabaki 270,000, ambayo haitozwi kodi ya mshahara, basi klabu inajiona haina shida na serikali. Ila ile 30,000 iliyokatwa haijapelekwa, na 30,000 ya mwajiri nayo haijapelekwa. Kwa wachezaji 25 ni milioni 1.5 kila mwezi inayogeuzwa kuwa mafuta ya basi. Hela hiyo ni ya watoto wa watu, ya siku goti litakapokataa, na kuitumia ni kosa kubwa kuliko makosa mengi yanayopigiwa kelele kwenye mikutano.

Wanafuata walioondoka: kocha aliyefukuzwa Oktoba na wachezaji walioachwa. Wako mbali, simu zao hazipokelewi. Halafu mwenye nyumba ya kambi. Halafu mama lishe, ambaye kauntabuku yake inajaa kurasa za "chai 30, maandazi 60, wali maharage 30" bila saini ya kupokea. Halafu bonasi. Halafu mishahara yenyewe.

Mafuta ya basi hulipwa mpaka siku ya mwisho.

Mantiki yake ni rahisi na inatisha: kila wiki katibu na mweka hazina wanajiuliza nani anaweza kuzuia mechi ya Jumamosi, na huyo ndiye anayelipwa. Wengine wote wanasubiri. Siku ile ya gari la wagonjwa, kosa lao lilikuwa kumsahau mtu mmoja katika hesabu hiyo. Dereva alikuwa kimya kwa mechi 3, wakadhani na yeye ni wa kundi la wanaosubiri.

Wanaosubiri hawabaki kimya milele. Kanuni za FIFA, tangu marekebisho ya 2018, zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 haki ya kuandika barua, kuipa klabu siku 15, na zikipita bila malipo anavunja mkataba kihalali huku akiendelea kudai. Wachezaji wa madaraja ya chini wengi hawaijui njia hii. Wanaondoka usiku na begi, kisha klabu inawahesabu wametoroka. Anayeijua anaenda TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, kwenye kamati inayoshughulikia hadhi za wachezaji, na kinachorudi ni amri ya kulipa na baadaye klabu kufungiwa kusajili. Adhabu hiyo inaiuma klabu mwezi wa Julai, wakati wachezaji wote mikataba imekwisha na huwezi kuandikisha hata mmoja.

## Korosho, dirisha dogo na masika

Huku kwetu hela ina majira. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba, na kuanzia hapo mpaka Januari mji unabadilika. Pikipiki mpya, mabati mapya, harusi kila wikiendi, na uwanjani watu wanajaa. Kiingilio cha 2,000 si kitu. Mfanyabiashara aliyekuwa hapokei simu Agosti anapiga yeye mwenyewe.

Dirisha dogo nalo linafunguka katikati ya Desemba.

Timu iko nafasi ya 6, mkononi kuna milioni 20 ambazo Agosti hazikuwepo. Kuna madeni ya milioni 14. Kuna mshambuliaji pale Dar anataka milioni 1.5 ya usajili na mshahara wa 600,000. Mashabiki wanataka mshambuliaji. Hakuna shabiki hata mmoja anayeimba jina la mama lishe. Basi wanaletwa wapya 4, mzigo wa mishahara unapanda kwa milioni 2 kwa mwezi, na Februari inaingia.

Februari mvua zimekolea, mkulima ameshatumia, ada za shule zimelipwa, na hela nyingine haionekani mpaka Oktoba. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, na katika miji kama Mtwara, Lindi na Kilwa ni watu wachache sana wanaoenda kukaa juani saa kumi wakiwa wamefunga. Getini unakata tiketi 150. Ligi inaisha Mei. Yaani mechi 12 za mwisho, zile zinazoamua nani anapanda na nani anashuka, zinachezwa katika miezi ambayo mkoa mzima hauna hela.

Msimu wa 2018/19 ulionyesha jambo hili wazi. Ligi Kuu ilichezwa bila mdhamini mkuu, ikiwa na timu 20 na mechi 38 kwa kila timu. Novemba mwaka huo huo serikali ikaingia kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likasimamia ukusanyaji, na malipo kwa wakulima wengi yakachelewa. Mtwara ilikuwa na Ndanda kwenye Ligi Kuu wakati huo. Fikiria klabu ambayo mfuko wake wa Dar, hela ya mdhamini wa ligi, umekauka na mfuko wake wa nyumbani, hela ya korosho, umekauka kwa msimu mmoja. Ndanda ilibaki Ligi Kuu mwaka ule. Ilishuka msimu uliofuata, baada ya misimu 6.

Na barabara usiisahau. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga. Njia iliyobaki ni kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro: umbali unakaribia mara tatu. Dizeli inaongezeka kwa milioni nzima kwa safari moja ya kwenda na kurudi, mwezi wa Mei, kwa timu ambayo haijalipa mishahara tangu Februari.

## Kangomba

Mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Mkulima ana mikorosho yake, lakini mwezi wa njaa umefika na mtoto anaumwa. Anakuja mtu na hela taslimu, anainunua korosho ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mkulima anavuna, anaanika, anabeba, na mzigo si wake.

Klabu nayo inafanyiwa hivyo hivyo, na mara nyingi anayeinunua ni mtu anayeipenda kweli. Machi, kambini hakuna unga. Mjumbe mmoja wa kamati anatoa milioni 8 zake. Hakuna mkataba wa mkopo, kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba fedha zitarudi kutoka mgawo wa kwanza wa msimu ujao, au kutoka mauzo ya winga wetu wa miaka 20. Wote wanapiga makofi. Timu inakula.

Siku ile klabu ndipo inapokufa. Mechi ya gari la wagonjwa ni mazishi tu.

Kwa sababu Agosti ikifika, mgawo wa kwanza unapita klabuni bila kusimama. Msimu mpya unaanza na pengo lilelile la milioni 160 pamoja na milioni 8 zilizoliwa Machi iliyopita, na Machi hii itabidi akopwe mtu mwingine, zaidi. Misimu miwili ya namna hiyo na hakuna tena kitu cha mbele ambacho hakijauzwa.

Ile karatasi ya winga ina ubaya wa ziada. FIFA ilipiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji, kuanzia tarehe 1 Mei 2015. Kwa hiyo mjumbe anashika karatasi isiyo na nguvu na klabu imejiweka kwenye kosa, yote hayo kwa magunia ya unga. Na wakati huo huo kuna hela halali ya mchezaji huyo huyo ambayo klabu nyingi ndogo zinaiacha ipotee. Mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu mpaka miaka 15, na 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16. Aliyecheza kwenu misimu 2 akiwa na miaka 18 na 19 anawaletea asilimia 1. Akiuzwa nje kwa dola 300,000, hiyo ni dola 3,000, zinazotosha kulipa dizeli ya safari kadhaa. Kinachohitajika ni ushahidi wa usajili kwenye kumbukumbu, umeingizwa kwa jina sahihi na tarehe sahihi ya kuzaliwa. Ni kazi ya katibu, ya dakika 20 kwa mchezaji. Mahali pengi haifanywi, au umri unaandikwa wa uongo ili kijana acheze timu ya vijana, na hapo klabu inakuwa imejikatia yenyewe tawi ililokalia.

## Ilulu, Juni 2019

Nilianza kuandika nikiamini kwamba tatizo ni kushindwa uwanjani: timu ikifanya vibaya, hela zinakimbia. Nikakumbuka fainali moja iliyochezwa hapa hapa Kusini.

Tarehe 1 Juni 2019, uwanja wa Ilulu, Lindi, fainali ya Kombe la Shirikisho. Azam 1, Lipuli 0. Lipuli ya Iringa ilikuwa imefika hatua ambayo klabu za ukubwa wake huiota tu. Mwaka mmoja kabla, Arusha, Singida United ilifungwa fainali ya kombe hilo hilo na Mtibwa, 3 kwa 2.

Mwisho wa msimu wa 2019/20 zote mbili zilishuka daraja. Singida United ilimaliza mkiani kabisa. Ndanda ilikuwa kwenye kundi hilo hilo la walioshuka.

Siwezi kuingia kwenye vitabu vya klabu hizo na kusema kilichoua ni nini. Ila fainali inapandisha bei ya kila kitu. Mchezaji aliyecheza fainali hawezi tena kuchukua 400,000. Kocha anatakiwa kwingine. Mashabiki wanataka zaidi ya jana. Klabu inapandisha mishahara kwa mkataba wa miaka 2 kwa kutumia furaha ya siku moja. Na ikitokea kushuka, mechi za nyumbani na Simba na Yanga, ambazo kwa klabu ndogo ya Ligi Kuu ni mishahara ya miezi mingi, zinaondoka siku moja pamoja na sehemu kubwa ya hela ya televisheni. Mkataba wa haki za matangazo na Azam Media uliotiwa saini 2021 ni wa bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ukiwa ndani yake ni maisha, ukitoka unabaki na mikataba ya watu wa Ligi Kuu kwenye timu ya Championship.

Kuna kifungu kimoja kinachoweza kuziba hilo, sentensi moja tu kwenye mkataba: timu ikishuka daraja, mshahara utapungua kwa asilimia 40, au mchezaji ataruhusiwa kuondoka bure. Mchezaji mwenye akili anakikubali, kwa sababu njia nyingine ni kudai 100 na kupata sifuri.

Mtu atasema: mbona Namungo? Klabu ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu huo huo wa 2019/20, ikafika fainali ya kombe dhidi ya Simba pale Sumbawanga, ikafungwa 2 kwa 1, ikaenda mpaka makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Naifurahia kwa moyo wote. Mji mdogo wa wilaya kupokea ugeni wa namna ile si jambo dogo. Lakini klabu ya mtaa wa pili haiwezi kuiga kitu ambacho hakiko kwenye daftari. Kitu hicho ni ukaribu wa watu wenye uzito na klabu, na huo haukopesheki.

## Shilingi 10 kwa kilo

Kwa siku nyingi jibu lilionekana liko wazi: korosho yenyewe. Ukivikubalisha vyama vya msingi vinavyokusanya tani 5,000, shilingi 10 kwa kila kilo ni milioni 50. Hela ya uhakika, inakatwa mnadani, inaingia Novemba. Hakuna kubembeleza namba 1 mpaka 9.

Kisha unamsoma mkulima kwenye risiti yake. Gunia, usafiri, ghala, ushuru wa chama cha msingi, chama kikuu, halmashauri. Kila mstari mmoja una sababu nzuri, na kila mstari unamtoka yeye. Kwenye uwanda wa Makonde kuna nyumba ambazo bado zinanunua maji kwa ndoo. Kumkata mtu huyo 10 ya mpira kwa kura ya mkutano ambao huenda hakuhudhuria, ili milioni 6 zikalipe usajili wa dirisha dogo, ni dhuluma hata kama timu inaitwa kwa jina la mkoa wake.

Nikalifuta wazo hilo. Likarudi. Pengine lingefaa kwa hiari, mkulima akisaini mwenyewe na kupewa tiketi ya msimu. Lakini hapo milioni 50 inakuwa milioni 4, na tumerudi kwenye orodha ya WhatsApp.

Kwa hiyo linabaki jambo ambalo hakuna kamati inayopenda kulisikia Agosti: kuikata bajeti yenyewe. Ukifuta mstari wa wadau kabisa, klabu ina milioni 98. Si wachezaji 25. Ni 16 wenye mkataba na vijana 8 wa mji huo huo wanaolala kwao na kulipwa posho. Kambi ni siku 2 kabla ya mechi, sio miezi 10. Mechi za ugenini zinaombewa Bodi ya Ligi ziwe mbili mbili kwa safari moja, Mwanza na Shinyanga kwa mkupuo, ombi ambalo halikubaliwi kila mara ila lisipoandikwa halikubaliwi kamwe. Huenda hata hivyo haitoshi, na hapo jibu la kweli ni kukubali kucheza daraja la chini yake, au ligi ya mkoa, ambako safari ndefu ni ya Masasi au Newala na timu inarudi kulala nyumbani. Hili linauma kuliandika. Mji unaona kama aibu.

Na hela ya Novemba iwe na akaunti yake, ya masika, yenye saini 3, moja ikiwa ya nahodha wa timu. Haitolewi mpaka tarehe 1 Februari. Kabla ya kuifunga, lipa kwanza vitu visivyopiga kelele: NSSF yote, mama lishe mpaka ukurasa wa mwisho, na gari la wagonjwa kwa mechi zote 15 za nyumbani kwa mkupuo, na risiti ya hospitali. Mechi 15 kwa 35,000 ni shilingi 525,000. Ni kama theluthi ya hela ya usajili ya yule mshambuliaji wa Desemba.

Siku ile ya filimbi zilikuwa zimekatwa tiketi 143. Kwa 2,000 kila moja ni 286,000, zote ndani ya boksi la bati lenye kufuli pale getini, hatua chache kutoka walipokaa wale vijana. Utaratibu wao ni kwamba boksi linafunguliwa wakati wa mapumziko, mbele ya kamishna na mtu wa chama cha mkoa. Mapumziko hayakufika. Saa kumi na dakika 45 walilifungua, watu wakapanga foleni, wakarudishiwa hela zao mmoja mmoja.